Vinono vya Desemba

Somo la wiki. Kusoma: Nehemia 8:1–12; 1 Samweli 2:12–36; 1 Samweli 4:12–18. La kukariri: Nehemia 8:10.

Wiki hii Mombasa Road imeanza kujaa tena, na kila matatu inayosimama hapa Sultan Hamud inashusha mtu na mabegi, na ndani ya begi kuna unga wa ngano na mafuta ya kupikia. Watoto wamefunga shule. Bei ya mbuzi kule soko la Emali imepanda kama inavyopanda kila mwaka. Kila Jumamosi kuna harusi, na isipokuwa harusi basi ni ntheo, na isipokuwa ntheo ni watu wa ukoo wamekutana. Halafu ikifika wiki ya pili ya Januari tunaonana kanisani, suti haifungi na zipu ya gauni imegoma. Tunacheka, tunasema Bwana ametubariki.

Somo la leo linahusu kicheko hicho. Kuna mtu atauliza kama kilo za mwili ni jambo la kufundishwa katika nyumba ya Mungu. Ni jambo la kufundishwa, kwa maana Biblia yenyewe imelizungumzia, tena mara nyingi kuliko tunavyohubiri. Sisi Wapentekoste tumezoea kusoma 1 Wakorintho 6:19, kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, tukiwa na pombe na sigara akilini. Paulo pale alikuwa akiongea juu ya uasherati. Tumeupeleka mstari ule mpaka kwa sigara na tumefanya vyema, lakini tulipofika kwenye sahani ya tatu ya pilau tukafunga kitabu.

Tuanze na Nehemia 8, maana hapo ndipo karamu inapata ruhusa yake. Watu wamekusanyika Yerusalemu, siku ya kwanza ya mwezi wa saba, katika uwanja ulio mbele ya lango la maji. Ezra anasoma torati tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na watu wamesimama. Wanaposikia Neno wanaanza kulia. Viongozi wanawazuia wasilie. Wanawaambia waende zao, wale vilivyonona, wanywe vitamu, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu, kwa kuwa siku ile ni takatifu na furaha ya Bwana ndiyo nguvu yao.

Angalia vizuri, mpendwa. Neno halikusema kuleni kidogo. Lilisema vinono na vitamu. Kwa hiyo yeyote atakayesimama wiki hii akahubiri kwamba kuchinja mbuzi wa Krismasi ni dhambi, au kwamba chapati ni ya shetani, hana msaada wa Nehemia. Mungu wetu hakasiriki watu wake wakishiba. Kumbukumbu la Torati 8:10 inatuagiza tukishakula na kushiba tumhimidi Bwana. Yesu mwenyewe alikwenda arusini Kana, na waliomchukia walimwita mlafi (Mathayo 11:19), kwa hivyo ni wazi kwamba hakuwa mtu wa kukataa sahani.

Lakini agizo lile lina sehemu tatu, na ile ya tatu ndiyo tunayoiruka. Kula vinono, sawa. Kunywa vitamu, sawa kabisa. Kumpelekea sehemu asiye na kitu? Hapo ndipo sufuria hufunikwa. Na hapa kuna siri ambayo mtu hata asiyeokoka anaweza kuiona: nyama ya mbuzi mmoja ikigawanywa kwa nyumba nne hainenepeshi mtu. Ikiliwa na nyumba moja kwa siku mbili, kwa sababu hakuna friji na hatutaki iharibike, itaingia mahali, na mahali penyewe ni kiunoni. Kile kinachotuletea shida Januari mara nyingi ni ile sehemu ya jirani ambayo tulikula sisi.

Sasa twende kwa Eli, kuhani wa Shilo. Habari yake inatisha, na inatuhusu sisi watumishi kwanza kabla haijawahusu washirika. Wanawe, Hofni na Finehasi, walikuwa na desturi ya kumtuma mtumishi na uma wa meno matatu. Nyama ikichemka, uma unatumbukizwa, na chochote utakachoinua ni cha kuhani. Baadaye hata hawakungoja ichemke. Walitaka mbichi, kabla mafuta hayajateketezwa kwa Bwana. Torati ilikuwa imeshasema wazi kwamba mafuta yote ni ya Bwana (Mambo ya Walawi 3:16). Mtu wa Mungu akamjia Eli na neno gumu katika 1 Samweli 2:29. Alimwuliza kwa nini anawaheshimu wanawe kuliko Mungu, na kwa nini wanajinenepesha kwa yaliyo bora ya matoleo ya Israeli. Tazama anasema mnajinenepesha, kwa wingi. Eli hakuwa ndiye anayeshika uma, lakini alikuwa akila kilicholetwa na uma.

Sura mbili mbele, habari inakuja kwamba sanduku la Mungu limetekwa. Eli yuko kwenye kiti kando ya lango. Anaanguka nyuma, shingo inavunjika, anakufa. Na mwandishi anatuambia sababu mbili: alikuwa mzee, naye alikuwa mzito. Alikuwa ameamua Israeli miaka 40.

Sitaki mtu atoke hapa akisema kwamba kila mnene amelaaniwa kama Eli. Maandiko hayasemi hivyo, na mwenye kusema hivyo anawaumiza watu bure. Wengine miili yao ni ya familia, wengine ni dawa wanazotumia, wengine ni uzazi. Katika Danieli 1 wale vijana wanne walikula nafaka na kunywa maji, na baada ya siku kumi walionekana wazuri na wamenenepa kuliko wote waliokula chakula cha mfalme. Hapo kunenepa ni ushuhuda! Biblia haina mizani ya kilo. Inachouliza ni mafuta haya yametoka wapi, na ni nani alikosa ili wewe uyapate. Egloni mfalme wa Moabu, ambaye Waamuzi 3:17 inamwita mtu mnono sana, alikuwa akiletewa kodi na Israeli, taifa alilolitawala miaka 18. Yeshuruni katika Kumbukumbu 32:15 alinenepa, akapiga teke, akamwacha Mungu aliyemfanya. Na Ezekieli 16:49, tunapodhani tunaijua dhambi ya Sodoma, inataja kiburi, na kushiba chakula, na kustarehe, na mkono wa maskini usiotiwa nguvu.

Tuje kwetu Ukambani. Wazee wetu walipenda kumwona mtu amenona, na walikuwa na sababu. Nchi hii imepitia njaa zenye majina. Wale waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 wanaikumbuka ile iliyoitwa Nĩkw'a Ngwete, yaani nakufa na nimeshika, pesa mkononi na chakula cha kununua hakipo. Na si za zamani peke yake. Mpaka mwisho wa 2022 mvua ilikuwa imekosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kame za Kenya. Mtu aliyezaliwa katika historia kama hiyo akimwona mwanawe amerudi kutoka Nairobi na mashavu, anamshukuru Mungu, na shukrani hiyo ni halali.

Kisha ukaja Ukimwi, na kukonda kukawa ni tangazo. Watu wakaanza kunong'onezana. Mpaka leo mama mmoja akipunguza kilo 8 kwa sababu daktari amemwambia presha imepanda, akifika kanisani anaulizwa, mama nanii, kuna shida gani nyumbani? Mwingine anamvuta pembeni kumwombea. Jameni! Kuna dada wanaoogopa kupungua, si kwa sababu wanapenda chapati kiasi hicho, ila kwa sababu wanaogopa midomo yetu. Na kuna wengine ambao tunawaambia mbele za watu "aki umekuwa mnono!" tukidhani ni sifa, wanacheka na sisi, wanakwenda nyumbani wanalia. Kuhusu mwili wa mwenzako, Krismasi hii mwambie tu kwamba umefurahi kumwona. Hayo mengine yaache kwa Mungu na kwa mizani ya hospitali.

Na mizani inasema nini? Mwaka wa 2000 watafiti wa Marekani walichapisha kazi yao katika jarida la New England Journal of Medicine. Waliwapima watu wazima 195 kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka na baada yake. Huko Desemba ni baridi, watu wanajifungia ndani. Lakini karamu ni karamu. Walikuta kwamba kwa wastani mtu aliongeza chini ya nusu kilo, kama gramu 370. Wengi walidhani wameongeza zaidi ya hapo. Mtu atasema basi ni kitu kidogo, mbona mnatusumbua. Sikiliza mwisho wake: walipowapima tena mwaka uliofuata, ile nusu kilo haikuwa imeondoka. Tena wale waliokuwa na uzito uliozidi tangu mwanzo ndio walioelekea kuongeza zaidi. Sasa hesabu sikukuu 10. Mtu anafika miaka 50 akiwa amebeba Krismasi zake zote mgongoni na hajui alizipata wapi, kwa sababu hakuna hata mwaka mmoja aliokula kupita kiasi, kwa maoni yake.

Hapa Kenya uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2008–09 ulikuta robo ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Ule wa 2014 ukakuta asilimia 33. Na uchunguzi mwingine wa serikali, wa 2015, ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata siku moja. Hesabu benchi unayokalia Jumapili. Wako hapo.

Tuongee jikoni kidogo. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Kutembea saa nzima kwa mwendo wa kawaida kunachoma kama kalori 250 hadi 300, yaani vijiko viwili hivi na kitu kidogo. Sasa mama anapopaka mafuta chapati kabla ya kukunja, akapaka tena kwenye kikaango upande huu na upande ule, hebu fikiria mtu aliyekula nne. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na zaidi kidogo, karibu vijiko 8 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isipite gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Soda mbili zimeshapita. Na kreti likiwa sebuleni na watoto wako likizo, nani anahesabu?

Hapa nitasema jambo ambalo halitawafurahisha wote. Adui mkubwa wa Desemba yetu si nyama. Nyama tunaila siku mbili tatu, mara nyingi imechomwa na mafuta yamedondoka kwenye makaa. Ni ngano na sukari na kukaa. Chai ya asubuhi na mandazi, mgeni amefika saa nne, chai tena na mandazi, wali na chapati na viazi katika sahani moja mchana (kana kwamba kimoja kitamsikitikia mwenzake kikikosekana), halafu chai ya saa kumi. Kisha tumekaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe mpaka jua litue.

Na ni mwembe kweli, kwa sababu Mungu ametupa Desemba tofauti na ya Marekani. Mvua ya vuli kwetu ndiyo mvua ya kutegemewa, na Krismasi inatukuta nchi ikiwa kijani. Kunde zina majani. Maembe ya Makueni yameanza kuiva, yale yale yanayopelekwa kiwanda cha Kalamba, na mengine yanaoza chini ya miti huku mtoto akitumwa dukani kununua soda. Embe nalo lina sukari, tusidanganyane, na mwenye ugonjwa wa sukari asile matano; lakini moja lililoliwa zima lina nyuzi zinazoshibisha, kitu ambacho soda haina. Muthokoi na ndengu, mboga ya kunde, mbaazi: hivi ndivyo vyakula vya kina Danieli, na tunavificha mgeni akifika kama kwamba ni aibu. Wageni wenyewe wanakula wali Nairobi kila siku. Wengi wao wangefurahi kuona isyo.

Tena Desemba ni mwezi wa palizi. Mzee wa miaka 70 yuko shambani na jembe saa kumi na mbili asubuhi, na kijana aliyetoka mjini ameketi na simu. Ndugu zetu mliorudi nyumbani, baba na mama watawapenda kwa unga mliowaletea, lakini mkishika jembe asubuhi tatu watawapenda zaidi, na daktari pia.

Sasa jambo zito kuliko yote. Kuna wapendwa kati yetu wanaotumia dawa za presha na za sukari. Kila mwaka wako wanaoziweka kando wiki ya Krismasi, wengine kwa sababu wamesafiri na wamezisahau, wengine kwa sababu hawataki wageni wazione, na wengine wanasema wanafungua mwaka kwa imani. Sisi tunaamini Yesu anaponya. Tumeona, na tunaendelea kuombea wagonjwa kila Jumapili. Lakini kuacha dawa bila daktari, katika wiki ile ile ambayo chumvi na mafuta na sukari vimeongezeka, hakujaandikwa mahali popote kama imani. Ukiamini umeponywa, nenda ukapimwe, kama wale wenye ukoma kumi walivyoambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14). Uponyaji wa Bwana hauogopi mashine. Hospitali yetu ya hapa Sultan Hamud iko karibu. Tena tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye kipimo cha presha, cha sukari na mizani, na wanapita vijijini. Akifika kwako usimwambie una wageni. Mwambie awapime pamoja na hao wageni.

Neno dogo juu ya mfungo wa Januari, maana tunaukaribia. Wengine wameshapanga moyoni: nitakula sasa, nitafunga baadaye, mafuta yataondoka. Mfungo wa namna hiyo ni dayati iliyovalishwa kanzu. Isaya 58:7 inaeleza mfungo ambao Bwana ameuchagua, na ndani yake kuna kumgawia mwenye njaa mkate wako. Chakula ulichoacha kula kilikwenda wapi? Kama kilibaki kabatini kikingoja jioni uje ukimalize mara mbili, umebadilisha saa tu. Na wenye ugonjwa wa sukari, kina mama wajawazito na wanaonyonyesha, ongeeni na daktari kabla ya kufunga. Hakuna atakayewahesabia upungufu wa kiroho.

Januari hiyo hiyo ndiyo wenye utani huiita Njaanuari. Karo inadaiwa, sare za shule, na mahindi bado ni mabichi shambani. Nyumba ambayo ilichinja mbuzi wawili inakopa unga. Kwa hivyo ukiona mwenye nyumba amesema mwaka huu mbuzi ni mmoja na atagawanywa na jirani, usimwite bahili.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii

Someni Nehemia 8:9–12 kwa sauti, kisha kila mtu ataje nyumba moja karibu naye ambayo "haikuandaliwa kitu". Msitaje majina kwa nguvu ikiwa wenyewe wapo. Andikeni kwa karatasi. Amueni nani atapeleka nini, na siku gani.

Eli hakushika uma, alikula tu. Je, kuna kitu mezani petu Desemba hii ambacho hatujauliza kimetoka wapi: deni, karo ya mtoto, pesa ya chama, mshahara wa mfanyakazi ambaye bado hajalipwa?

Waliopimwa presha mwaka huu wainue mikono. Ambao hawajapimwa, pangeni siku moja kabla ya tarehe 24 mwende pamoja, vijana wawasindikize wazee. Ni mwendo wa kutembea, msichukue boda.